Ogopa mapema: hisia zinavyofanya kazi katika michezo ya hatari

Barazani kuna kauli mbili kuhusu kijana anayejirusha baharini kutoka juu ya ukuta, au yule anayepaa na kaiti pale Diani mpaka akaonekana mdogo kama kunguru. Mmoja atasema, "Huyu hana hofu." Mwingine atajibu, "Huyu anatafuta mauti." Kahawa inamiminwa, kauli zote mbili zinakubaliwa, mazungumzo yanahamia siasa. Nimezisikia miaka mingi, na kwa maoni yangu zote mbili haziko sawa. Ubaya wake ni kwamba zinatufumba macho tusizione hisia hasa zinazowaangamiza vijana.

Mimi si daktari wa nafsi. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii. Lakini nina watoto wawili wa kiume wanaopenda maji kuliko skuli, na jambo hili nimelisoma kwa bidii kuliko nilivyosomea mitihani yangu. Wataalamu wameandika mengi. Mengi yake ni ya nchi za theluji na majabali, lakini yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Ninaposema michezo ya hatari nakusudia ile ambayo kosa moja laweza kumtoa mtu roho: kupanda majabali, kuruka kwa parachuti, kupiga mbizi kwa pumzi moja, kuendesha kaiti wakati kaskazi imevuma. Mpira huvunja mguu. Hii huvunja shingo. Kwetu pwani kuna na makachu. Jina hilo limevuma kutoka Forodhani, Unguja, ambako vijana hukimbia hadi ukingo wa ukuta wa bahari, wakajipindua hewani na kutumbukia majini huku wageni wakiwapiga picha. Watoto wa Lamu na Mombasa nao hujirusha vivyo hivyo, bila kuupa mchezo wao jina la fahari.

Kauli ya kwamba wanatafuta mauti ndiyo rahisi kuijibu. Mwaka 1964 mwanasaikolojia wa Marekani, Marvin Zuckerman, pamoja na wenzake, walichapisha dodoso la kupima hamu ya mtu ya kutafuta msisimko. Baadaye aliigawa hamu hiyo mafungu manne: kupenda kasi na vimo, kupenda mambo mapya kama safari na muziki wa kigeni, kujiachia kwenye starehe, na kuchoshwa haraka na mazoea. Watu hutofautiana katika hayo kama wanavyotofautiana kwa kimo, na sehemu ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo. La kushika ni kwamba kwa maelezo ya Zuckerman hatari si lengo. Mtu anataka kile anachokihisi, na hatari ni nauli anayokubali kulipa ili afike. Abiria hapandi matatu kwa kuwa anapenda nauli.

Kauli nyingine, kwamba hawana hofu, ndiyo yenye kisa kirefu. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Seymour Epstein na Walter Fenz, waliwafuatilia warukaji wa parachuti. Waliwagawa makundi mawili, wageni wa mchezo na wazoefu. Waliwataka waipime hofu yao wenyewe kwa kila hatua: usiku wa kuamkia siku ya kuruka, asubuhi ile, walipofika uwanjani, walipovaa vifaa, walipopanda ndege, hadi walipokaribia mlango kujiachia. Tena wakapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho la ngozi wakati ndege inapaa.

Mgeni alikuwa kama unavyomtarajia. Hofu yake ilipanda pamoja na ndege, ikawa juu kabisa karibu na kuruka, yaani saa ile ile anayoihitaji akili yake. Mzoefu naye aliogopa. Wengi hulisahau hilo. Ila hofu yake ilifika kilele mapema, asubuhi ya siku yenyewe, kisha ikateremka kidogo kidogo, na kufika mlangoni alikuwa ametulia. Moyo wake ulichora mstari wa namna hiyo hiyo: ulienda mbio ndege ikiwa bado inapaa, ukatua kabla ya kuruka. Mwaka 1972 Fenz alichapisha na mwenzake jambo jingine. Miongoni mwa wazoefu wenyewe, wale walioruka vibaya walikuwa na mchoro unaofanana na wa mgeni. Kwa hivyo si idadi ya mara ulizoruka peke yake. Ni lini unaogopa.

Tafsiri yangu ni hii. Hofu ya asubuhi ina kazi ya kufanya. Inakufanya ukague kamba, uutazame upepo, ujiulize kama umelala vya kutosha. Hofu ya mlangoni haina kazi tena, maana wakati wa kukagua umepita. Inabaki kukutetemesha mikono tu. Aliyewahi kusafiri na nahodha mzuri anamjua mtu huyu. Baada ya sala ya alfajiri utamwona ana wasiwasi hata anakera: anaangalia mawingu, anauliza pepo, anaishika demani, anamgombeza baharia kwa fundo lililolegea. Lakini mkifika mkondoni na mawimbi yamesimama, yeye ndiye wa mwisho kupandisha sauti. Sisi abiria tunamtazama pale mkondoni tukasema hana hofu. Hatukumwona alfajiri.

Mfano uliovuma zaidi duniani ni wa Alex Honnold, Mmarekani aliyepanda jabali la El Capitan, bonde la Yosemite, California, tarehe 3 Juni 2017 bila kamba. Jabali hilo lina urefu wa takriban mita 900. Alitumia muda wa saa 3 na dakika 56, na filamu ya safari hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Kabla ya hapo, mtaalamu wa ubongo Jane Joseph alimpima kwa mashine kule South Carolina. Walipomwonyesha picha za kutisha, amigdala yake, kile kijisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi kinachohusika sana na hofu, haikuonyesha kushtuka. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima: mtu asiye na hofu.

Lakini msimu wa vuli wa 2016 mtu huyo huyo alianza kulipanda jabali lile bila kamba, akafika sehemu laini ya chini ambayo mguu hauna pa kushika vizuri, akaona moyo haujatulia, akarudi. Kamera zilikuwepo, wenzake walikuwepo, alirudi. Kisha akaendelea kuifanyia mazoezi njia ile kwa kamba, akikariri kila shiko la mkono na kila mahali pa kuweka kidole cha mguu, mpaka Juni ya mwaka uliofuata. Picha mezani ni jambo moja, jabali ni jambo jingine. Mimi naona kule kurudi ndiko kulikomleta hai kwenye Oscar, si amigdala.

Sasa, ikiwa hofu si adui, ni hisia ipi inayoua? Ziko kadhaa, nami nitaanza na ile ambayo kila mzazi wa pwani ameiona kwa macho yake: kutazamwa.

Mwaka 2010 Richard Ronay na William von Hippel walichapisha utafiti walioufanya Brisbane, Australia, kwa vijana wa kiume 96 wanaocheza kwa ubao wa magurudumu. Kila mmoja aliufanya mchezo wake mgumu mara kadhaa mbele ya mtafiti mwanamume. Kisha baadhi yao wakarudia mbele ya mtafiti msichana mrembo. Mbele ya msichana, vijana waliacha kukatiza. Mchezaji wa ubao huwa na nukta moja hewani ya kuamua kama atamaliza au ataruka pembeni ajiokoe. Mbele ya msichana walijiokoa mara chache zaidi. Walifaulu zaidi, wakaanguka zaidi. Mate yao yalipopimwa, homoni ya testosteroni ilikuwa juu. Msijidanganye kwamba ni wasichana tu. Miaka mitano kabla, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu 306 mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, wengine peke yao, wengine wakitazamwa na marika wao. Barobaro waliotazamwa na wenzao waliongeza hatari sana. Sisi watu wazima kutazamwa hakukutubadilisha hivyo.

Basi nenda kwenye ukuta wowote wa bahari saa kumi na moja jioni. Simu zimeinuliwa. Zamani watazamaji walikuwa rika la mtaa mmoja, nao waliijua bahari, mmoja angepaza sauti, "Wee, maji yamepwa!" Leo watazamaji wako ndani ya simu, hawajui bamvua wala maji mafu. Na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Ukuta ni ule ule kila siku, maji siyo. Wakati wa bamvua bahari yetu ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa muda wa kama saa 6 hivi. Aliyejirusha kichwa mbele mchana akatoka anacheka, akirudi jioni kurudia kwa ajili ya video anaweza kukuta mchanga na jiwe. Kichwa kikigonga chini, uzito wote wa mwili unakuja juu ya shingo; uti wa mgongo ukikatika hapo, mikono na miguu inakwenda, na kijana wa miaka 17 anabaki kitandani kulishwa na mama yake. Kijana huyo alikuwa na hofu ya kutosha. Ilishindwa nguvu na haya ya kurudi nyuma mbele za watu.

Mazoea nayo yana sumu yake. Mmarekani Ian McCammon alizichambua ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizowapata watu waliokuwa michezoni kati ya 1972 na 2003. Wengi wa waathiriwa walikuwa na mafunzo, na dalili za hatari zilikuwa wazi. Mahali walipopazoea, hata waliosoma walijiachia kama wasiosoma. Warukaji wa parachuti nao wana mithali yao, iliyotokana na mtengenezaji vifaa Bill Booth, ya kwamba kila kifaa kinapoboreshwa mtu huongeza ujasiri mpaka vifo vibaki pale pale. Si sheria ya maumbile, lakini ina ukweli wake: leo wengi hufa parachuti ikiwa imefunguka vizuri juu yao, kwa sababu wamechagua ndogo na ya kasi, wakaivurumisha chini wakati wa kutua.

Ya tatu ni hasira, na kwa hii nitakwenda kwenye mbizi, maana ndiyo iliyo karibu nasi zaidi.

Tarehe 17 Novemba 2013, katika shimo la bahari liitwalo Dean's Blue Hole huko Bahamas, Mmarekani Nicholas Mevoli alishuka kwa pumzi moja bila mapezi, lengo likiwa mita 72. Alikuwa hodari, mwaka ule ule alikuwa amevuka kufika mita 100 kwa mapezi. Siku mbili hivi kabla alikuwa ameshindwa mbizi nyingine pale pale, akatoka majini na ghadhabu. Siku ile alifika karibu mita 68, akageuka kama anayerudi, kisha akabadili nia na kushuka tena. Alipanda mwenyewe mpaka juu, akazimia, na baada ya muda mfupi akafariki, mapafu yakiwa yameumia. Hakuna awezaye kuingia moyoni mwa marehemu akajua nini kilimgeuza. Ila mita nne zile kila mzamiaji anazifahamu. Mwili umekwishasema turudi, na kitu kingine, deni la jana, kikasema hapana.

Na mwili wenyewe husema vipi? Elimu hii ningependa ifike kila nyumba ya mvuvi, Kiunga mpaka Shimoni, kwa wanaozamia kamba na pweza kwa miwani na pumzi tu. Ile hamu kali ya kuvuta pumzi ukiwa chini, kifua kinachodundadunda, haitokani na oksijeni kupungua. Inatokana hasa na kabonidayoksaidi kujaa katika damu. Ni kengele. Sasa wako wanaofundishana kupumua kwa nguvu na haraka mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Kinachotokea ni kwamba kabonidayoksaidi inafagiliwa nje, kwa hivyo kengele inachelewa kulia. Mtu yuko chini, ametulia, anajisikia vizuri ajabu, huku oksijeni inakwisha. Akianza kupanda, kani ya maji inapungua, mapafu yanatanuka, na oksijeni kidogo iliyobaki haisukumwi tena kwenye damu kama ilivyokuwa chini. Anazimia karibu na juu bila kuonywa na chochote. Waliomwona husema, "Alikuwa sawa tu."

Ndiyo maana nasema hisia mbaya kuliko zote katika michezo hii ni raha isiyo na sababu. Kijana akikwambia siku hizi akizamia hasikii kubanwa kabisa, usimsifu kabla hujamuuliza anapumuaje kabla ya kuzama.

Limebaki swali la kwa nini wanafanya, na hapa kuna kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, likiongozwa na Tim Woodman. Waliwachunguza wapanda milima na watu wanaovuka bahari kuu kwa makasia, safari za majuma mengi zisizo na kasi wala kelele. Waliona kwamba wengi wao hawakuwa wakitafuta msisimko. Walikuwa watu wanaopata taabu na hisia zao katika maisha ya kawaida, hasa kuzisema kwa wale wanaowapenda, na wanaojiona hawana usukani wa mambo yao. Mlimani au baharini, hofu ni kubwa na ina sababu inayoonekana. Unaijua, unaishika, unaimudu. Mtu anarudi nyumbani akijiona ana mamlaka juu ya nafsi yake.

Utafiti huo si wa vijana wetu, na sitaki kuwavisha kanzu ya mtu mwingine. Lakini nimekaa na wengi wasio na kazi, waliomaliza skuli na vyeti vikalala kabatini, na naona jinsi ukuta wa bahari ulivyo mahali pekee ambapo uamuzi ni wao na matokeo yanakuja papo hapo. Kumwambia kijana kama huyo "acha upuuzi" ni kumnyang'anya kitu pekee anachokimudu bila kumpa kingine. Hataacha. Atakwenda kuruka mahali ambapo huwezi kumwona.

Na dini haikutuagiza tukae ndani. Kisa cha mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mola tunakijua sote toka madrasa, na jibu alilopewa pia tunalijua. Tatizo letu ni kwamba tunalihubiri la kutegemea, kamba tunaisahau.

Kamba yenyewe ni nini? Kwa watoto wangu nimechagua kuwauliza maswali asubuhi, maana jioni kwenye ukuta sina ushawishi. Maji yanajaa saa ngapi leo? Nani ametangulia kushuka kwa miguu kupima kina? Nani mnaye ambaye hajawahi kujirusha, na mmekubaliana kwamba akirudi nyuma hachekwi? Mkubwa alinijibu kwa kukereka mara ya kwanza. Sasa jedwali la maji liko kwenye simu yake, na juzi nilimsikia akimwambia mwenzake waahirishe hadi saa tisa. Sikusema neno.

Kwa wanaozamia, wapiga mbizi wa kimataifa wana utaratibu usiogharimu hata senti. Hakuna anayeshuka peke yake. Mnakwenda wawili, mmoja chini, mmoja juu akimtazama, halafu mnabadilishana. Wanapumua taratibu kabla ya kushuka, kama mtu aliyekaa kibarazani. Na kwa kuwa wengi huzimia wakiwa wamekwishafika juu, wengine baada ya kuvuta pumzi ya kwanza, aliyebaki juu haondoi macho mwenzake anapoibuka. Anamtazama midomo na macho kwa sekunde 30 kamili, hata kama mwenziwe anacheka na kuinua pweza mkononi, ndipo naye avae miwani yake.